Kufuli Moja Halitoshi: Tulilinde Gari la Kazi

Siku hizi katika vijiji vyetu vingi gari la kazi si kitu cha ajabu tena. Fundi seremala ana Hiace yake kuukuu ya kubebea mbao na randa. Mafundi wa kuchomelea vyuma wamechanga fedha, wakakopa na nyingine, wakanunua gari la kupeleka mashine yao mahali penye kazi. Wauza vitenge wanazunguka minadani, leo hapa, kesho kule, na bidhaa zao zinalala ndani ya gari.

Gari la namna hii si la anasa. Ni jembe la mwenyewe. Likiibwa usiku, asubuhi kazi hakuna, na mkopo upo pale pale. Kwa hiyo katika toleo hili tumeonelea tuzungumze juu ya makufuli ya kuongeza: yapi yanafaa, yapi ni ya kujidanganya, na yafungwe vipi.

Wizi wa aina mbili

Kabla ya kwenda dukani tujiulize: tunamzuia mwizi gani?

Kuna mwizi asiyelitaka gari. Anataka vilivyomo. Huyu huvunja mlango wa nyuma au ule wa kuvuta wa ubavuni, akachukua jenereta na misumeno, akaenda zake.

Kuna mwizi anayelitaka gari lenyewe. Huyu huingia kwa mlango wa dereva, akavunja swichi ya kuwashia, akaliendesha.

Kufuli linalomzuia wa kwanza halimzuii wa pili. Ukiweka komeo la chuma mlango wa nyuma, na mlango wa mbele ukafunguka kwa bisibisi, mwizi atawasha gari na kuondoka nalo, pamoja na komeo lako! Ndiyo maana tunasema kufuli moja halitoshi.

Tukumbuke pia kwamba hakuna kufuli lisilovunjika. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi na kumlazimisha apige kelele. Mwizi anaogopa vitu viwili: muda na kelele. Kufuli likimtoa jasho robo saa huku mbwa wanabweka, wengi huliacha.

Tuanze na funguo

Magari yetu mengi tumeyanunua yakiwa yamekwisha tumika. Wewe umepewa ufunguo mmoja. Je, aliyekuwa nalo kabla yako amebaki na mwingine? Na utingo wake, na fundi wake? Hujui.

Basi ukinunua gari la zamani, jambo la kwanza ni kubadilisha vitasa vya milango na swichi ya kuwashia. Kama fedha haitoshi, anza na mlango wa dereva na ule wa mizigo. Tena vitasa vya zamani huwa vimelika. Utaona vingine vinafunguka kwa ufunguo wa gari jingine, au hata kwa kijiko. Kitasa cha namna hiyo ni pambo tu.

Na sisi wenyewe tuna makosa. Dereva anashuka kununua sigara, anaacha injini inanguruma na ufunguo ndani, eti "narudi sasa hivi". Hapo mwizi hana haja ya kuvunja kitu. Kufuli la kwanza halinunuliwi: ni kuuchomoa ufunguo kila tunaposhuka.

Kulichagua kufuli

Dukani makufuli yote yanang'aa. Tusinunue kwa macho. Tulikague hivi:

1. Tazama chuma kilichopinda, kile kinachopita kwenye tundu. Kikiwa chembamba kama penseli, mkasi wa kukatia vyuma utakikata mara moja. Tafuta kinene, cha milimita 10 au zaidi.

2. Uliza kama chuma hicho kimefanywa kigumu kwa moto kiwandani. Fundi mwenye tupa anaweza kukupimia. Akikwaruza kidogo, chuma laini hulika na kutoa ungaunga. Chuma kigumu huteleza, tupa haishiki. Msumeno wa chuma nao utateleza vile vile.

3. Ukiambiwa kufuli ni la shaba, chukua sumaku. Shaba hainaswi na sumaku. Mwili wa kufuli ukinaswa, ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Kwa wenzetu wa pwani jambo hili ni muhimu, maana hewa ya chumvi hula chuma upesi.

4. Chagua lenye mabega, yaani mwili wake umepanda juu na kukificha chuma kilichopinda, kikabaki kidogo tu cha kuonekana. Mkasi na mtaimbo havipati mahali pa kushika.

Vumbi ni adui wa kufuli. Usilijaze grisi wala mafuta mazito, kwa sababu yanakusanya vumbi na kugeuka tope. Kwangua risasi ya penseli, tia ungaunga wake kwenye tundu la ufunguo, zungusha ufunguo mara kadhaa. Litalainika.

Kufuli limeshikwa na nini?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunanunua kufuli la bei kubwa, halafu tunalitundika kwenye tumbuu nyembamba iliyofungwa kwa skrubu mbili. Mwizi haligusi kufuli. Anaingiza mtaimbo nyuma ya tumbuu, anaegemea, na kitu chote kinang'oka, kufuli likiwa bado limefungwa vizuri kabisa!

Bati la mlango wa gari ni jembamba, kwa kawaida halifiki hata milimita moja. Skrubu na ribiti hazina mahali pa kujishikia. Basi mwambie fundi afanye hivi:

Achukue bolti zenye kichwa cha mviringo kisichoshikika kwa spana, azipitishe kutoka nje kwenda ndani. Upande wa ndani aweke kipande cha chuma kinene, kipana kama kiganja au zaidi, ndipo akaze nati. Sasa anayevuta tumbuu havuti bati tu, anavuta chuma hicho chote. Akimaliza kukaza, vichwa vya bolti na nati vifunikwe na komeo mlango ukiwa umefungwa. Na kila tundu alilotoboa alipake rangi ya kuzuia kutu, la sivyo mvua ya masika itamfanyia mwizi kazi yake.

Tukague na bawaba. Kama pini zake ziko nje na zinagongeka kutoka, mwizi ataufungua mlango upande usio na kufuli. Fundi achomelee vichwa vya pini hizo.

Kwa kifupi: nguvu ya kufuli si kufuli peke yake. Ni kufuli, tumbuu, bolti, bati na bawaba. Kimoja kikiwa dhaifu, vyote ni dhaifu.

Kulizuia gari lisiondoke

Kufuli la usukani ni fimbo ya chuma inayofungwa kwenye usukani ili usizunguke. Linaonekana kwa nje, na hiyo ni faida, kwani mwizi akichungulia anaona kuna kazi. Lakini mwenye msumeno anaweza kuukata usukani wenyewe na kulitoa. Kwa hiyo lisiwe peke yake. Kuna pia kufuli la kushika mti wa gia, na lingine la kushika klachi na breki.

Kisha kuna swichi ya siri. Hii ni swichi ndogo inayokata umeme, nayo hufichwa mahali anapopajua mwenyewe tu. Hapa tuwe waangalifu. Ikikata waya wa stata, gari halitawaka kwa ufunguo, lakini wezi watatu wanaweza kulisukuma likawaka, kama tunavyofanya sisi betri ikifa. Ikikata umeme unaoruhusu mafuta kufika kwenye injini, hata wakisukuma mpaka asubuhi haliwaki. Hii ya pili ni bora, lakini ifungwe na fundi umeme wa magari anayeijua kazi yake. Waya ukilegea, injini itazimika mlimani na gari limejaa. Na tusimwonyeshe kila mtu mahali ilipo.

Vipo pia vifaa vya kuonyesha gari liko wapi kwa kutumia simu. Vinasaidia kulitafuta, ila havimzuii mwizi kuondoka nalo, na mahali pasipo na mtandao habari zake huchelewa. Basi viwe nyongeza tu.

Jambo hili la kuzuia gari lisiondoke limeonekana katika nchi za nje. Huko Ujerumani Magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, sheria iliagiza magari yote, mapya na ya zamani, yawe na kufuli la usukani. Wizi wa magari ukapungua. Uingereza ilianza na magari mapya tu, mwaka 1971. Kilichotokea mjini London ni kwamba wezi waliyaacha yale mapya wakayageukia ya zamani. Tangu 1998 magari mapya ya abiria katika nchi za Umoja wa Ulaya yanatakiwa yawe na kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ufunguo wake halisi.

Tunajifunza nini? Mwizi hutafuta gari rahisi. Na magari yetu ya kazi, mengi ni ya zamani. Ndiyo hayo anayoyaona rahisi.

Tusisahau vitu vya nje

Betri, tairi la akiba na mafuta huibwa hata kama gari halikuondoka. Betri itengenezewe kizimba cha chuma chenye kufuli. Tairi la akiba lifungwe kwa mnyororo unaopita kwenye chuma cha chini ya gari, wala si kwenye kamba. Tangi liwe na kifuniko cha kufunga kwa ufunguo.

Watu kwanza

Kufuli lisije likaua. Ikiwa watu wanapanda nyuma, mlango lazima ufunguke kwa ndani. Usifunge komeo la nje wakati mtu yumo, hata kwa safari fupi. Gari likishika moto au likipinduka, atatokaje? Na kufuli la usukani litolewe kabla ya kuwasha injini, kila mara.

Kalamu nayo ni kufuli

Wahenga wa siku hizi wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tuna kufuli ambalo mwizi hawezi kulikata. Tuchukue daftari tuandike: namba ya gari, namba ya chasi, namba ya injini, rangi, na alama zake, kama vile mahali lilipobonyea. Kisha tuandike kila kifaa na namba yake ya kiwandani. Vyombo visivyo na namba tuvichonge alama ya kikundi. Tuandike pia nani ana ufunguo gani, na lini amekabidhiwa.

Daftari hilo na kadi ya gari vikae nyumbani, visikae ndani ya gari. Siku ya msiba utakwenda polisi na habari kamili. Wakikuandikia, uliza namba ya RB uihifadhi. Isome na bima yako. Bima ndogo hulipa madhara uliyowafanyia wengine, hailipi gari lako likiibwa. Inayolipa wizi ni bima kubwa, nayo ina masharti yake. Yasome kabla hujatia sahihi.

Tuanzie wapi?

Fedha haitoshi kununua vyote kwa mara moja. Tunashauri tufuate utaratibu huu:

Kwanza, yasiyo na gharama: chomoa ufunguo, shusha vyombo vya thamani usiku, egesha mlango wa nyuma ukikaribia ukuta usiweze kufunguka, laza gari penye taa au karibu na mlinzi.

Pili, ya gharama ndogo: daftari, kufuli la usukani, mnyororo wa tairi.

Tatu, vitasa vipya, komeo imara la mlango wa mizigo lenye bamba la chuma kwa ndani, na swichi ya siri.

Nne, ukipata nafasi, kifaa cha kulifuatilia gari na bima kubwa.

Ndugu wasomaji, leo jioni kabla ya kulala, chukueni tochi mlizunguke gari. Jifanyeni ninyi ndio wezi. Mahali mtakapopaona pepesi, ndipo na yeye atakapopaona. Anzeni hapo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika gari letu, ni mlango gani ulio dhaifu kuliko yote? Kwa nini?
2. Funguo za gari ziko ngapi, na zinashikwa na nani?
3. Vyombo vyetu vikiibwa leo, tutamweleza nini polisi?
4. Tukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, tununue kipi?