Mbao za Shule Zimetoka Wapi?

Msafiri afikaye Basoko, hapo mto Aruwimi unapoungana na mto mkuu wa Kongo, huona msitu pande zote, akadhani kwamba miti haitakwisha kamwe. Lakini sivyo. Afrormosia, mti wetu wenye mbao ngumu zinazotafutwa sana, tangu mwaka 1992 biashara yake baina ya mataifa yahitaji hati maalumu, ili usije ukatoweka.

Wengi husema, "Lawama ni ya wale wapelekao magogo Ulaya." Hiyo ni nusu ya kweli. Mbao nyingi zitumikazo humu nchini hupasuliwa na watu wadogo wenye misumeno ya injini, na wengi wao hawana kibali. Mbao hizo huuzwa Kisangani na penginepo, zikawa milango, meza na madawati. Wanunuzi ni nani? Ni sisi sote. Na pamoja nasi serikali, shule na hospitali.

Hapo ndipo penye fundo. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 yataka mkataji awe na ruhusa. Mwenye ruhusa amelipa ada na kodi. Hawezi kushindana kwa bei na yule asiyelipa kitu. Basi ofisi ya umma ikitaka madawati 100, ikamchagua mwenye bei ndogo bila kuuliza neno jingine, ni nani atakayeshinda? Mkono mmoja wa serikali wakataza, mkono wa pili walipa. Na fedha ni za wananchi.

Wenzetu wa Kameruni waliliona jambo hilo. Desemba 2020, waziri wa zabuni za serikali na waziri wa misitu waliagiza kwa pamoja kwamba mbao za kazi za serikali ziwe zimepatikana kwa njia halali, na muuzaji alete hati za kuthibitisha.

Pengine mtu atajibu, "Mpasuaji maskini atakipata wapi kibali, na ofisi iko mbali?" Neno hilo ni la haki. Kwa hiyo isitoshe kumfukuza. Vibali visogezwe karibu naye, tena ofisi itangaze mahitaji yake mapema, apate nafasi ya kujiandaa.

Nasi katika kamati za shule na za parokia tusikae kimya. Kabla ya kulipa, tuulize: Mti huu ulikatwa msitu gani? Kwa kibali cha nani? Wenyeji wa kijiji walipata nini? Mbao zimekauka vema, au madawati yatapinda baada ya mwaka mmoja? Rahisi huwa ghali.

Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alifundisha kwamba kununua nako ni tendo la maadili, wala si jambo la fedha tu. Mtoto akijifunza amri ya saba, dawati analokalia lisiwe la mti wa wizi.