Malezi na Shule: Kinga ya Vijana wa Kilwa Dhidi ya Dawa za Kulevya

Mwaka 2021, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) ilikamata shehena kubwa ya heroini katika Bahari ya Hindi, eneo la Kilwa. Hata hivyo, upatikanaji wa dawa pekee haumfanyi kijana kuwa mtumiaji. Hatari huongezeka anapoacha shule, anapokosa usimamizi nyumbani au anapoandamana na marafiki wanaotumia. Mzazi anayejua mwanawe yuko wapi na nani, mwalimu anayefuatilia utoro, pamoja na michezo na kazi halali, hupunguza hatari hiyo. Kwa aliyekwishaanza, uraibu hutibika. Familia isimfiche, bali ipige simu ya bure ya Mamlaka, namba 119.