Juu ya uchovu wa mwandishi

Kati yetu wengi wanaandika. Padri anaandika mahubiri kila juma, katekista anatayarisha masomo ya wakatekumeni, mseminari anajaza kaye za filosofia na teolojia. Kazi hiyo haichafui mikono, basi watu hudhani haichokeshi. Lakini inafika siku ambapo mwandishi anakaa mbele ya karatasi, taa inawaka, wino upo, na neno halitoki. Tena si siku moja, ni miezi. Akisoma aliyoandika zamani, anayachukia. Mwisho anatoa sandukuni mahubiri ya miaka mitatu iliyopita, anayasoma altareni, na waamini wanatazama chini.

Mwaka wa 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa saikolojia huko New York, alieleza hali kama hiyo. Aliiona kwa watu waliojitolea kuhudumu katika kliniki moja ya bure, akatambua kwamba wanaokwisha nguvu hivi ni hasa wale waliojitoa kwa moyo wote. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikubali mwaka wa 2019 maelezo yenye alama tatu: mtu ameishiwa nguvu, moyo wake umekaa mbali na kazi, na kazi yenyewe haiendi tena vizuri. Haliiti ugonjwa, bali jambo litokalo katika kazi.

Hapa tuangalie vizuri, zaidi sisi tunaoungamisha. Evagrius, mmonaki wa jangwa la Misri aliyekufa mwaka wa 399, aliandika juu ya pepo wa adhuhuri: mmonaki anatazama jua mara kwa mara, anaona siku haiishi, anachukia chumba chake na kutamani kwenda pengine. Yohane Kasiano aliyapeleka mafundisho hayo kwa Wakristu wa magharibi, na baadaye jambo hilo likahesabiwa pamoja na dhambi ya uvivu. Basi tumezoea kumwambia kila aliyechoka: kaa pale pale, usali, ufanye bidii. Dawa hiyo inamfaa anayeikimbia kazi. Kwa yule aliyemalizwa na kazi ni mzigo juu ya mzigo. Sisi wenyewe tulipewa shauri hilo na padri mmoja mzee, tukalifuata Kwaresima nzima. Tulipofika Pasaka hatukuweza kuandika hata barua kwa mama yetu.

Namna ya kuwatofautisha? Mpe kila mmoja siku tatu za kupumzika. Mvivu atafurahi na kuomba nyingine tatu. Aliyechoka atakaa akijilaumu, mkono unatafuta kalamu.

Tena tusidhani hali hii ni ya watu wadogo tu. Tarehe 6 Desemba 1273, huko Napoli, Mtakatifu Toma wa Aquino alisoma Misa, na toka siku ile hakuendelea na Summa yake. Mwenzake Reginald alimsihi aendelee. Akajibu kwamba hawezi, maana yote aliyoandika yalionekana kwake kama majani makavu. Wengine wanasema alipata njozi, wengine wanasema mwili wake ulivunjika kwa wingi wa kazi. Sisi hatuoni kwa nini lazima tuchague moja. Alikufa tarehe 7 Machi 1274, safarini kwenda kwenye Mtaguso wa Lyon. Summa ilibaki katikati ya mafundisho juu ya Penitensia. Wafuasi wake waliimaliza kwa kuokota katika maandiko yake ya zamani. Kanisa halikumdai kurasa zilizobaki. Lilimtangaza mtakatifu mwaka wa 1323.

Na nabii Elia? Soma kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Anakaa chini ya mti jangwani na kuomba kufa. Malaika anayekuja hamkemei, wala hamhubirii. Anamgusa, anamwonyesha mkate na maji. Elia anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili kwa chakula kile kile, maana safari ni ndefu. Neno la Mungu linakuja nyuma, mlimani, na ndani yake mna mambo mawili: Elia hayuko peke yake, wamebaki 7000; tena apate msaidizi, Elisha. Ni usingizi, chakula, wenzake na kugawa kazi. Ni mambo ya mwili karibu yote, nasi mapadri tunaona haya kuyataja.

Mwaka ule, nyuma ya Pasaka, tulimwomba katekista atusaidie kutayarisha mafundisho ya Dominika. Alifanya vizuri kuliko sisi, jambo lililotuuma kidogo. Kaye tuliifungia kabatini siku kumi. Tulilala mapema, tulitembea mpaka vijiji vya mbali bila kutafuta mfano wa kutia katika mahubiri. Siku ya kumi na moja, nyuma ya Misa, tuliandika mistari minne. Wa tano tuliuacha makusudi katikati, tupate pa kuanzia kesho yake.