Jopo la Raia na Uadilifu wa Hukumu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Waislamu waishio Uingereza na Marekani, kama raia wengine wa huko, huitwa kuketi katika jopo, kwa kawaida la watu 12, linaloamua iwapo mshitakiwa ana hatia. Basi je, jopo hilo hutoa hukumu ya haki? Suala hili linahusu damu na uhuru wa watu, hivyo halifai kujibiwa kwa mapenzi wala kwa chuki.

Tuanze na asili yake. Katika Ulaya ya zamani mtuhumiwa alishikishwa chuma cha moto au kutoswa majini ili ijulikane ni mkweli au mwongo. Mwaka 1215 baraza la Kanisa lililokutana Lateran, Roma, liliwakataza makasisi kushiriki mambo hayo, na Uingereza ikaegemea kiapo cha majirani. Majirani hao walisema waliyoyajua wenyewe. Hapa mwanafunzi wa fiqhi ya Maliki atakumbuka ushahidi wa lafifu uliotumika Maghrib: watu 12 wa kawaida hukubaliwa pale wanapokosekana mashahidi wawili waadilifu. Mwanasheria John Makdisi aliandika mwaka 1999 kwamba jopo la Kiingereza lina asili yake humo, kupitia kisiwa cha Sicily. Rai hiyo ina wapinzani, nasi hatuijengei hoja. Isitoshe, watu wa lafifu ni mashahidi, ilhali mjumbe wa jopo la leo hutakiwa kuamua kwa ushahidi uliotolewa mahakamani tu.

Tuwe waadilifu: jopo lina wema wake. Mwaka 1670 jijini London, wajumbe walikataa kuwatia hatiani William Penn na William Mead walioshitakiwa kwa kuhubiri barabarani. Walinyimwa chakula na kutozwa faini, lakini hawakurudi nyuma. Mmoja wao, Edward Bushell, alipinga kifungo chake mahakamani, na ikaamuliwa kwamba mjumbe haadhibiwi kwa uamuzi wake. Hapo jopo lilikuwa ngao ya mnyonge mbele ya mtawala. Tena utafiti wa Kalven na Zeisel uliochapishwa Marekani mwaka 1966 ulionyesha kuwa majaji walikubaliana na majopo katika takriban robo tatu ya kesi.

Lakini upo upande wa pili. Mwaka 1955 huko Mississippi aliuawa Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14. Jopo la wanaume 12, wote weupe, liliwaachia washitakiwa wawili baada ya saa moja na ushei. Mwaka uliofuata wakakiri gazetini kuwa ndio waliomuua. Mwaka 1990 majopo ya New York yaliwatia hatiani vijana watano kwa shambulio la Central Park, na mwaka 2002 hukumu zao zikafutwa baada ya mtu mwingine kukiri na vipimo vya vinasaba kumthibitisha. Katika kisa cha kwanza iliharibu asabia, na katika cha pili kukiri kulikotolewa chini ya shinikizo. Na jopo halitoi sababu za uamuzi wake, basi kosa lake ni gumu kulibaini.

Afrika Mashariki nayo ililionja hilo. Katika Kenya ya kikoloni Mzungu alihukumiwa kwa jopo la Wazungu wenzake, na Mwafrika kwa jaji na wazee wa baraza ambao rai yao haikumfunga jaji. Kenya iliwaondoa wazee hao mwaka 2007.

Sheria yetu haikutegemea idadi ya vichwa. Imeweka bayyina juu ya mdai na kiapo juu ya mwenye kukana. Mashahidi huchunguzwa uadilifu wao. Hudud huepushwa kwa shubha. Na imamu kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu. Katika Suratun Nisaa aya ya 135 tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Hata hivyo, kadhi naye si maasumu. Hadithi ya makadhi watatu inatosha kuonya: wawili ni wa motoni, na mmoja tu ni wa peponi, aliyeijua haki akahukumu kwayo.

Hivyo tunasema: jopo huhukumu kwa haki pale wajumbe wanapofuata ushahidi, na hudhulumu pale wanapofuata rangi, kabila au uvumi. Ama hukumu ya kushiriki, Muislamu aliyeitwa awaulize wanazuoni wa nchi yake. Lakini akiketi, asiseme "ana hatia" kwa dhana. Na onyo hili ni letu pia, tunaomhukumu jirani kibarazani kabla ya shahidi hata mmoja kusikilizwa, au tunaonyamaza mtu anapopigwa njiani kwa kuitwa mwizi. Umati ule hauna bayyina, hauna kiapo, wala rufaa.

Wallahu a'lam.