Skripti za Lugha Tofauti na Hatima ya Neno Ng'oa

Mtafiti wa isimu anayetumia kompyuta aghalabu hujikuta na skripti, yaani programu fupi za amri, zilizoandikwa kwa lugha tofauti. Moja ya Perl, lugha iliyotolewa na Larry Wall mwaka wa 1987, husafisha matini. Nyingine ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka wa 1991, huhesabu maneno. Je, ni lazima zote ziandikwe upya kwa lugha moja ndipo zishirikiane? Makala haya yanaonyesha kwamba si lazima, mradi ziafikiane kuhusu kinachopitishwa baina yao.

Mwaka wa 1964, Doug McIlroy wa Maabara ya Bell nchini Marekani alipendekeza kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kunyunyizia bustani maji. Mwaka wa 1973, Ken Thompson alilitekeleza wazo hilo katika mfumo wa Unix. Matini yanayotolewa na programu ya kwanza huingia moja kwa moja katika ya pili, kana kwamba yamechapwa kwenye kibodi. Skripti ya Perl haihitaji kujua kwamba Python ipo. Matini ya kawaida ndiyo lugha yao ya kati, kama Kiswahili kinavyowapatanisha Mluo na Mkamba sokoni.

Hata hivyo, maafikiano hayo yana masharti. Kwanza, skripti zote zitumie usimbaji mmoja wa herufi, kwa mfano UTF-8, uliobuniwa na Thompson na Rob Pike mwaka wa 1992. Pili, ziafikiane kuhusu ritifaa. Kwa kompyuta, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni alama mbili tofauti. Skripti ya kwanza ikitoa iliyopinda, na ya pili ikitambua iliyonyooka pekee, neno ng'oa litakatwa vipande viwili, ng na oa. Hakuna onyo litakalotolewa. Jedwali litapendeza macho, ilhali kung'oa kumehesabiwa kuwa kuoa.

Kwa hivyo, kabla ya kuziamini skripti zilizounganishwa, inafaa zijaribiwe kwa sentensi moja yenye ng'oa, ng'ambo na ng'ombe. Mtaalamu wa kompyuta asiyejua Kiswahili hawezi kuliona kosa hilo. Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kulikosa.