Wanuri Kahiu: Mbona kila filamu yake inagawanya watazamaji?

ASUBUHI ya Aprili 10, 2025, wasichana wa shule ya upili ya Butere walipanda jukwaani katika shule ya Kirobon, Kaunti ya Nakuru, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakashuka na kuondoka bila kuigiza hata onyesho moja la mchezo wao, Echoes of War. Mwandishi wa mchezo huo, aliyekuwa Seneta wa Kakamega Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa na polisi usiku wa kuamkia siku hiyo. Nje ya shule, vitoa machozi vilirushwa kutawanya umati uliotaka kuingia kutazama.

Wiki moja kabla, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu mjini Kisii alikuwa ameagiza shule hiyo iruhusiwe kushiriki tamasha hizo za kitaifa za drama. Kwa wafuatiliaji wa sinema, jina la jaji huyo halikuwa geni. Ndiye aliyeagiza, mnamo Septemba 21, 2018, akihudumu Nairobi, kwamba marufuku ya filamu ya Rafiki isimamishwe kwa siku saba ili watu wazima waitazame katika kumbi za humu nchini. Mwelekezi wa filamu hiyo ni Wanuri Kahiu, na yalipotokea ya Kirobon jina lake lilistahili kukumbukwa tena, maadamu hakuna msanii mwingine wa filamu nchini ambaye kazi zake zimepingwa kwa sababu nyingi na tofauti kiasi hicho.

Ni kosa kudhani kwamba mgawanyiko kumhusu ni wa pande mbili tu, yaani wanaotetea maadili upande mmoja na wanaotetea uhuru wa sanaa upande wa pili. Wapo wanaozipenda filamu zake za mwanzo na kuzichukia za baadaye. Wapo pia waliomtetea mahakamani, lakini wakaguna alipokwenda Hollywood. Na kuna wale wasioona mabadiliko yoyote kati ya kazi yake ya kwanza na ya mwisho. Ili kuelewa kinachowagawanya, sharti kazi zenyewe zitazamwe moja baada ya nyingine.

Kahiu alizaliwa Nairobi mwaka 1980. Alisomea shahada ya masuala ya usimamizi katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kabla ya kuhamia fani ya filamu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA). Baada ya filamu fupi ya Ras Star, kuhusu msichana wa familia ya Kiislamu anayetamani kuwa mwanarapu, alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, From a Whisper, mwaka 2008. Ulikuwa mwaka wa kumi tangu bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998, na kuua zaidi ya watu 200.

Filamu hiyo haikujishughulisha na mlipuko wenyewe bali kimya kilichoufuata. Abu, afisa wa ujasusi aliyeigizwa na Ken Ambani, anakutana na Tamani, msichana mchoraji ambaye bado anamtafuta mamake. Msichana anapotafuta ukweli kuhusu mamake, Abu analazimika kukabili uchungu wake mwenyewe kwa sababu rafiki yake alikuwa miongoni mwa waliotekeleza shambulio. Mnamo 2009 kazi hiyo ilizoa tuzo tano za Africa Movie Academy, ikiwemo ya mwelekezi bora. Hakukuwa na mabishano. Taifa lilikuwa likiomboleza, naye alikuwa ameliombolezea vyema. Hadi leo baadhi ya watazamaji wa rika la makamo huitaja filamu hii kama kipimo cha kila alichofanya baadaye, na kila mara humwona amepungukiwa.

Kisha ikaja Pumzi. Ni filamu ya dakika 21 tu, nayo ilizinduliwa katika tamasha la Sundance nchini Marekani mnamo Januari 2010. Inawaza Afrika Mashariki miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita ambavyo chanzo chake kilikuwa maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Umeme huzalishwa na watu wanaokimbia mahali pamoja juu ya mitambo, na kila raia hupewa tembe za kuzuia ndoto. Asha, mtunzaji wa makavazi ya viumbe vilivyotoweka, anapokea udongo usiojulikana umetoka wapi. Anapanda mbegu, inamea. Wakubwa wanamkatalia ruhusa ya kutoka nje kuchunguza ulikotoka udongo huo, naye anatoroka. Jangwani anaupanda mche, anaunywesha maji yake ya mwisho na jasho lake, na kuukinga na jua kwa mwili wake mwenyewe hadi anapoishiwa na nguvu.

Waliolalamika kuhusu Pumzi walidai kwamba hadithi za roketi na mitambo si zetu, na kwamba mwelekezi alikuwa akiwaandalia karamu Wazungu wa matamasha. Dai hilo ni gumu kulikubali mtu anapolisikia akiwa Nakuru. Mji huu umewahi kuliona ziwa lake likikauka katikati ya miaka ya 1990, likabaki tambarare la magadi linalopeperusha vumbi, huku heroe waliolipa sifa duniani wakihamia kwingine. Mito inayolilisha, ukiwemo Njoro, hutoka msitu wa Mau, na kila mkazi anajua yaliyoupata msitu huo. Kisha, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, ziwa lilelile likafanya kinyume. Lilifurika, likameza lango kuu la mbuga na kuwafukuza watu makwao, sawa na lilivyofanya ziwa Baringo upande wa kaskazini. Kwa wakazi wa eneo hili, hadithi inayouliza ni nani mwenye mamlaka juu ya maji na miti si ya kigeni hata kidogo.

Na kuna uzi mwingine unaoifunga Pumzi na bonde hili. Mwaka 2009, Kahiu alitengeneza filamu ya hali halisi, For Our Land, kumhusu Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt na mshindi wa tuzo ya amani ya Nobel ya 2004. Watu wengi humhusisha Maathai na Nyeri pekee, lakini sehemu ya utoto wake katika miaka ya 1940 aliimalizia karibu na Nakuru, katika shamba la mlowezi ambako babake alikuwa mfanyakazi. Atazamaye filamu hizo mbili kwa mfululizo hatahitaji kuambiwa mwanamke anayepanda mti jangwani alitoka wapi. Mbegu ya Asha yenyewe imeandikwa neno la Kikuyu, maitu, yaani mama.

Hata hivyo, ni Rafiki iliyomfanya Kahiu ajulikane hata na wasiotazama sinema. Imetokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaopigania kiti kimoja cha wadi katika mtaa wa kubuni wa Slopes, Nairobi. Wanapendana. Mtaa unagundua, nao unawashambulia. Mei 2018 ikawa filamu ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Lakini ilipofika huko, nyumbani ilikuwa tayari imepigwa marufuku.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB), iliyokuwa chini ya Afisa Mkuu Mtendaji Ezekiel Mutua, ilitangaza mwishoni mwa Aprili mwaka huo kwamba filamu hiyo ilikusudia kueneza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria na desturi za Wakenya. Ilionya pia kwamba atakayepatikana nayo atakuwa amevunja sheria. Nguvu hizo bodi ilizipata katika Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962 kabla ya bendera ya mkoloni kushushwa. Jina la sheria hiyo linatosha kueleza ni kwa nini mwelekezi wa filamu na mtunzi wa michezo ya shule hujikuta katika mashua moja.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba ugomvi mkuu kati ya Kahiu na bodi ulikuwa kuhusu mwisho wa filamu. Kwa maelezo yake, alitakiwa aubadilishe kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mhusika hakuonyesha majuto. Naye akakataa. Mwisho wenyewe ni mkono tu unaoshika bega. Pengine ni nadra katika historia ya udhibiti nchini kwa mkono kuzua shauri la katiba.

Jaji Okwany alieleza kwamba hakushawishika kuwa jamii ya Kenya ni dhaifu kiasi cha kutikisika misingi yake ya kimaadili kwa kutazama filamu ya aina hiyo. Kwa siku hizo saba ukumbi wa Prestige, Barabara ya Ngong, ulijaa onyesho baada ya onyesho. Lengo la siku hizo lilikuwa filamu itimize sharti la kuzingatiwa kwa tuzo za Oscar, lakini kamati ya Kenya iliwasilisha Supa Modo ya Likarion Wainaina badala yake. Aprili 2020, Jaji James Makau aliitupilia mbali kesi ya Kahiu na wenzake na kuidumisha marufuku.

Kutoka Nakuru hadi Prestige ni safari ya zaidi ya kilomita 150. Haihitaji hesabu nyingi kutambua kwamba wengi walioilaani Rafiki, na wengi walioitetea, hawakuwahi kuitazama. Wanabishana kuhusu tangazo la bodi. Waliobahatika kuiona, wakiwemo wasiokubaliana kabisa na maudhui yake, mara nyingi huwa na lalamishi jingine: kwamba ni nyepesi, ina rangi za waridi mno, muziki mwingi mno, na kwamba aliyetengeneza From a Whisper angeweza kuzama zaidi.

Kwa lalamishi hilo Kahiu ana jibu aliloliandaa mapema. Yeye na wenzake huliita Afrobubblegum, jina lililotokana na ubani wa kutafuna, na alilieleza kwa mapana katika hotuba ya TED mwaka 2017. Hoja yake ni kwamba Mwafrika katika sanaa amezoea kuonyeshwa akiwa na njaa, vitani au mgonjwa, hivi kwamba kumwonyesha akicheka, akipendana na kuvaa nguo za kung'aa kunahesabiwa kuwa upuuzi. Anataka furaha nayo ihesabiwe kuwa kazi ya sanaa.

Hoja hiyo ina uzito, ingawa ina tundu. Filamu bora za Kahiu mwenyewe si za ubani. Pumzi ni ya huzuni, na tukio lisilosahaulika katika Rafiki ni lile la umati kuwapiga wasichana wawili, wala si densi.

Halafu kuna suala la fedha. Wapinzani husema Rafiki ni ya wafadhili wa kigeni, na ni kweli kwamba fedha zake zilitoka Afrika Kusini na mataifa kadhaa ya Ulaya. Lakini Pumzi nayo ilipata fedha kutoka Marekani na taasisi ya Goethe ya Ujerumani, na ikapigwa picha Afrika Kusini. Nairobi Half Life, Kati Kati na Supa Modo, filamu tatu zinazosifiwa sana nchini, zote zilitoka mikononi mwa One Fine Day Films, mradi wa mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer na mkewe. Atakayeitupa Rafiki kwa kigezo hicho hana budi kutupa karibu kabati zima.

Agosti 2022, Netflix ilitoa Look Both Ways, filamu yake ya kwanza ya Hollywood, ikiigizwa na Lili Reinhart. Msichana wa Texas anapima mimba siku ya kufuzu chuoni, na kuanzia hapo maisha yake yanaonyeshwa kwa njia mbili: alivyoishi akiwa mjamzito na alivyoishi asipokuwa. Ni filamu safi, ya kupendeza, isiyo na hata kichaka kimoja cha Kenya. Walioilinda Rafiki kwa jasho waliona kama wamesalitiwa. Wengine walisema, na si bila haki, kwamba mwelekezi wa Marekani akija kupiga picha Naivasha haambiwi amewasaliti watu wa Texas.

Hao wa pili wanaweza kuongeza ushahidi mmoja. Tamani anakatazwa kujua, Asha anakatazwa kuota, Kena anaambiwa kuwa muuguzi kunamtosha, naye Natalie wa Texas anadhani maisha yake yamekwisha kwa sababu ya kipimo kimoja. Wote ni wasichana waliopangiwa mwisho na watu wengine, na katika kila filamu mwelekezi anakataa mwisho huo. Hata Etabo, mvulana wa Kiturkana katika kitabu chake cha watoto cha mwaka 2017, The Wooden Camel, anaota kushindana katika mbio za ngamia ilhali ngamia wa nyumbani wameuzwa, na dadake anamchongea wa mbao.

Waliokuwa Kirobon asubuhi ile waliwaona wasichana wa Butere wakishuka jukwaani. Na kama ilivyokuwa kwa Rafiki, mabishano yaliyofuata yaliongozwa zaidi na watu ambao mchezo wenyewe hawakuwa wameuona.