Tunagombania 'bandia' na 'mnemba', tunasahau 'ruwaza'

Wasomaji kadhaa wameniuliza lipi ni sahihi: akili bandia, akili mnemba au akili unde? Wengine wamekasirika, eti tunawachanganya wanafunzi. Kwa maoni yangu tunagombania neno la pili ilhali tatizo limo katika la kwanza. Akili ipi hiyo? Kinachofanyika ndani ya mashine hizi, kwa kiasi kikubwa, ni utambuzi wa ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia.

Mchukue Yann LeCun, Mfaransa aliyepata uzamifu jijini Paris mwaka 1987. Mwaka uliofuata alijiunga na maabara ya Bell, Marekani. Huko, yeye na wenzake waliifundisha kompyuta kusoma nambari za posta zilizoandikwa kwa mkono kwenye bahasha. Sisi tunaosahihisha mitihani twajua kwamba saba ya mtu mmoja yaweza kuwa moja ya mwingine! Wao hawakuieleza mashine saba ni nini. Waliipa picha 7,291 za tarakimu, kila moja na jibu lake. Ikawa inakisia, inasahihishwa, inakisia tena. Kisha wakaijaribu kwa picha 2,007 ambazo haikuwa imeziona. Ilikosea takriban 5 katika kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1989.

Baadaye mbinu hiyo ilisoma hundi benkini, lakini watafiti wengi wakaipa kisogo. LeCun, aliyehamia Chuo Kikuu cha New York mwaka 2003, aling'ang'ana nayo. Mwaka 2012 mtandao wa aina hiyo, uliobuniwa Toronto, ukawabwaga wapinzani katika shindano la kutambua picha. Tuzo ya Turing ya 2018 aliipata pamoja na Geoffrey Hinton na Yoshua Bengio.

Sasa tuje kwa Kiswahili. Upatanisho wa kisarufi ni ruwaza tupu: kitabu changu kimepotea, vitabu vyangu vimepotea. Mashine ikiona sentensi za kutosha itaunasa, bila kujua uchungu wa kupoteza kitabu. Ila ikilishwa 'gari yangu imeharibika' mara elfu na 'gari langu limeharibika' mara kumi, basi itachagua ile ya elfu. Haiamui lipi ni sanifu, inahesabu tu.

Wanafunzi wangu wawili wa uzamili wanakusanya sentensi za Kiswahili na kuzihakiki moja moja, kwa mkono. Wanalalamika kwamba kazi inachosha. Nami nimewaonyesha zile picha 7,291.